Silansie imeoza: namna ya kuibadilisha Goma bila kumaliza pesa

Gari la zamani likianza kunguruma kama boti inayoondoka bandari ya Kituku, kila anayepita huwa na ushauri: eshapema (njia yote ya moshi, kutoka injini hadi nyuma) imekwisha, badilisha yote. Hiyo "yote" ndiyo inayokula pesa. Mara nyingi kilichokufa ni silansie peke yake, yaani kopo la nyuma linalopunguza kelele, au nusu mita ya bomba, au mpira mmoja wa kuning'inizia uliokatika kitambo bila mwenye gari kujua. Mwongozo huu ni wa mwenye Corolla, Carina, RAV4 au Hiace ya miaka mingi anayetaka kukata kilichooza na kukiacha kizima mahali pake. Ni kazi ya nusu siku. Vifaa vingi unaweza kuazima, na fundi wa kuchomelea ni wa kulipwa kwa dakika chache tu.

Kinachoiua hapa kwetu

Silansie huoza kuanzia ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, ila yanatoka yakiwa mvuke. Bomba likiwa moto kutoka mbele hadi nyuma, mvuke huo unapita na kwenda zake. Lakini ukitoka Himbi kwenda Birere, ukazima, ukanunua vitu, ukarudi, kopo la nyuma halijapata moto wa kutosha. Mvuke unageuka maji, maji yanalala chini ya kopo, yanachanganyika na gesi za moshi na kuwa makali, na chuma kinaliwa polepole. Ndiyo maana kupaka rangi kwa nje hakuokoi kitu. Ndiyo maana pia gari la safari ndefu linaweza kuitunza silansie yake kuliko gari lisilotoka mjini.

Pili ni mawe. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, na hata kwingineko mitaa mingi imelala juu ya lava ya zamani zaidi. Jiwe la lava lina meno. Linakunja bomba na kubonyeza kopo, lakini ubaya wake mkubwa ni kukata mipira ya kuning'inizia. Mpira mmoja ukikatika, uzito wote unahamia kwenye maungio, yanaanza kucheza, na baada ya wiki kadhaa bomba linavunjika pale pale lilipochomelewa. Mtu ananunua silansie mpya wakati mgonjwa alikuwa mpira. Kwa wanaokaa upande wa Rusayo na Sake, ongeza mvua yenye asidi ya moshi wa volkano. Mabati ya nyumba zao yanajua habari hiyo, na chuma cha chini ya gari kinaijua pia.

Tafuta tundu kabla ya kutafuta duka

Fanya hivi asubuhi, injini ikiwa baridi. Mtu mmoja awashe gari likiwa limesimama nje, penye hewa. Wewe vaa glavu nene, chukua kitambaa kizito kilicholowa maji, uzibe mdomo wa bomba la nyuma kwa sekunde chache. Kama njia yote ni nzima, utahisi hewa inasukuma mkono kwa nguvu na injini itataka kuzima. Kama kuna tundu, hutasukumwa sana, na chini ya gari utasikia mlio wa kufoka. Fuata mlio huo kwa sikio, usiufuate kwa kidole.

Zima, subiri ipoe, halafu angalia kwa tochi ya simu. Moshi unaovuja huacha alama nyeusi ya masizi kuzunguka tundu au maungio, hata kama tundu lenyewe ni dogo. Gonga bomba na kopo kwa mpini wa bisibisi, ukianzia mbele. Chuma kizima kinalia kwa sauti ya wazi, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa na kudondosha unga wa kutu. Penye shaka, sukuma kwa ncha ya bisibisi. Ikiingia, hakuna mjadala tena.

Milio miwili huwadanganya watu. Ukisikia tik-tik-tik mbele, karibu na injini, inayopungua gari likipata moto, hiyo si silansie. Ni gasketi ya kolekta (bomba linalokusanya moshi pale unapotoka kwenye injini), au kolekta yenyewe imepasuka, na kununua kopo la nyuma hakutabadilisha chochote. Ukisikia vitu vinacheza ndani ya kopo kama shilingi kwenye mkebe, vigawanyo vya ndani vimeng'oka. Kopo hilo linaweza kuonekana zuri kwa nje lakini limekwisha, na kipande kikilala vibaya kinaziba njia mpaka gari linashindwa kupanda mlima.

Kuhusu kiraka, maoni yangu ni haya. Tundu dogo kwenye bomba ambalo chuma chake kando bado kinalia vizuri, piga kiraka uende. Tundu chini ya kopo ni jambo jingine: limetoka ndani, na chuma kinachozunguka kimebaki chembamba kama karatasi. Fundi akiweka moto, tundu linakuwa mawili. Kama mwezi huu pesa ni za minervali, ada ya shule ya watoto, kiraka kitakusogeza mbele kidogo, lakini usikilipie bei ya kopo.

Na usiahirishe sana. Moshi wa gari una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi. Tundu likiwa chini ya viti, moshi unaingia kupitia mashimo ya sakafu na mpira uliochakaa wa mlango wa nyuma, hasa kwenye Hiace, na jioni zetu za baridi watu hufunga vioo vyote. Abiria wakianza kuumwa kichwa au kusinzia kwa pamoja, simama, fungua milango, washuke.

Kununua: kopo lipi, na kwa kipimo gani

Usiende dukani na jina la gari peke yake. Nenda na vipimo vinne: unene (kipenyo cha nje) wa bomba linaloingia, unene wa linalotoka, urefu wa kopo, na mahali mabomba yanapoingilia, yaani katikati au pembeni, upande mmoja au pande tofauti. Kama huna kipimo cha fundi, zungusha uzi kwenye bomba, upime uzi huo kwa rula, ugawe kwa 3.14. Uzi wa sentimita 14 unakupa bomba la karibu milimita 45. Piga picha kopo likiwa bado chini ya gari, kutoka pande zote, na ukate boksi la karatasi lenye umbo la mkunjo wa bomba. Kipande hicho cha boksi kitakuokolea safari ya pili.

Una njia tatu.

Ya kwanza ni okazyo, kopo lililotoka kwenye gari lililovunjwa. Kwa Toyota za zamani hii ndiyo ninayoipenda, kwa sababu kopo la kiwandani mara nyingi lina chuma kizito kuliko jipya la bei ya chini. Lakini lichague kama mtu anayenunua mbuzi. Linyanyue: zito ni jema. Litikise: lisilie kitu. Mulika ndani ya mdomo kwa simu, kisha pitisha kidole kwenye mshono wa chini na kuzunguka vichwa vyake viwili, maana huko ndiko kuoza huanzia. Likiwa limepakwa rangi mbichi nyeusi au ya fedha, omba ruhusa ulikwangue kwa funguo. Muuzaji akikataa, amekwisha kukujibu.

Ya pili ni kopo jipya la kufaa magari mengi. Halina mabomba yake, kwa hiyo lazima likatwe na kuchomelewa. Ni zuri ikiwa mdomo wake una unene ule ule wa bomba lako. Mdomo mwembamba kuliko bomba unaisonga injini. Mnene kuliko bomba hauongezi kitu, ni kazi tu ya kutafuta kipande cha kuunganishia.

Ya tatu ni kutengenezewa na fundi wa toli, yaani bamba la chuma. Wapo wanaoifanya vizuri sana. Dai toli ya milimita 1.5, siyo bati la nyumba. Ndani kuwe na bomba lenye matundu na vigawanyo, na kama kuna cha kunyonya sauti kiwe pamba ya chuma au ya kioo. Sifongo la godoro litaungua siku ya kwanza. Omba uone kabla hajafunga kopo, maana likishafungwa utaamini maneno tu. Kataa pia bomba la maji lenye zinki. Zinki ikipata moto wa kuchomelea hutoa moshi mweupe unaompa fundi homa na kifua kubana usiku huo.

Vijana watakuambia njia ya nne: ondoa kopo kabisa, weka bomba tupu, gari litapata nguvu. Injini ndogo ya zamani haipati nguvu ya maana kwa njia hiyo. Inapata kelele, na jirani anapata sababu.

Bei hutajwa kwa dola na kulipwa kwa franga, kwa hiyo kubalianeni kiwango cha kubadilisha kabla kazi haijaanza. Uliza bei ya kopo peke yake, kuchomelea peke yake, kufunga peke yake. Bei ya jumla huficha kitu. Halafu tumia kidogo ulichookoa kununua vitu vipya ambavyo si vya kubania: gasketi za maungio, mipira yote ya kuning'inizia, bolti na nati, na kolie mbili za kubana bomba. Vyote pamoja ni pesa ndogo ukilinganisha na kopo, na ndivyo vinavyoamua kopo litaishi muda gani.

Jambo moja la kulinda. Magari mengi ya petroli yaliyotoka Japani yana katalisa, lile kopo dogo lililo mbele, karibu na injini. Ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, na kuna wanunuzi wanaolitafuta. Fundi akisema "hili nalo limekufa, niachie nilitupe", mwambie unalitupa mwenyewe.

Kuinua gari

Tafuta mahali tambarare na pagumu. Kama garaji ina shimo la kuingia chini ya gari, kuwa mwangalifu nalo. Maeneo kadhaa kati ya Goma na Sake, hasa mabondeni karibu na ziwa, yana mazuku: gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayojikusanya kwenye mashimo, zaidi asubuhi na usiku pasipo upepo. Shimo la garaji ni mahali pake hasa. Ukiongeza moshi wa gari linalounguruma juu, hapo hapafai mtu. Kazi hii inafanyika vizuri juu ya ardhi.

Vuta breki ya mkono, ingiza gia, zuia magurudumu ya mbele kwa vipande vya mbao, inua nyuma kwa jeki. Kisha weka stendi za chuma, au magogo mapana ya mbao yaliyopangwa msalaba. Usitumie jiwe la lava. Lina matundu kila mahali na linaweza kumeguka chini ya uzito bila kukuonya, na tofali la saruji nalo ni hivyo hivyo. Jeki peke yake haishiki gari wakati mtu yuko chini. Sukuma gari kwa nguvu kabla hujaingia. Kama litaanguka, lianguke wakati huo.

Bolti zilizoshikwa na kutu

Hapa ndipo muda unapokwenda, kwa hiyo anza jana yake. Piga nyuzi kwa burashi ya waya, mimina mafuta ya kulegeza kutu, rudia usiku, rudia asubuhi. Kama huna ya dukani, mazutu (dizeli) iliyochanganywa na oili kidogo inasaidia ikipewa muda. Kwenye Toyota nyingi utahitaji spana namba 12 na 14. Tumia ile ya duara au soketi ya pembe sita, kwa sababu spana ya mdomo itakata pembe za nati na kukuachia kitu cha mviringo kisichoshikika.

Kaza kidogo kwanza, ndipo ulegeze. Sogeza robo, rudisha, mimina mafuta, sogeza tena. Bolti ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno wa chuma au diski. Kuikata ni nafuu kuliko kuvunja bolti iliyopandwa ndani ya flanji (bapa la kuungania) ya katalisa, ambayo baadaye lazima itobolewe. Mafuta yote uliyomimina yafute kabla ya moto wowote kukaribia.

Mipira itoke mwisho, ukiwa umeshika kopo au umelilaza juu ya gogo. Sabuni ya maji kwenye ndoano hufanya mpira mkongwe uteleze.

Kukata

Ikiwa kopo na bomba ni kipande kimoja, weka alama ya kukatia mahali penye chuma kizima, angalau sentimita 5 mbele ya mwisho wa kutu. Watu hukata karibu mno na kopo ili kuokoa bomba, kisha wanachomelea kipya kwenye chuma kilichooza. Kabla ya kukata, pima mara nyingine ukiwa na kopo jipya mkononi: bomba moja litaingia ndani ya jingine kwa sentimita 4 au 5, na urefu huo lazima uwe kwenye hesabu. Kata kwa pembe mraba, lainisha ukingo kwa tupa, futa kutu na rangi mpaka chuma king'ae.

Angalia kinachopita juu ya unapokatia. Tangi la petroli na mabomba ya breki yako karibu kuliko unavyofikiri, na cheche za diski huruka mbali. Kama bomba linatoka lote, lishushe ukalikatie chini.

Kupanga kabla ya kuchomelea

Ingekuwa lazima uchague sehemu moja ya kazi hii ya kufanya polepole, iwe hii. Ning'iniza kopo jipya kwenye mipira mipya yote, ingiza bomba ndani ya bomba, usifunge kitu. Bomba la mbele ndilo liingie ndani ya la nyuma pale unene unaporuhusu, ili moshi usigonge ukingo. Sasa angalia: kila mpira uwe wima, haujavutwa pembeni. Kati ya bomba na bodi, tangi au waya wa breki pabaki nafasi ya sentimita 3 hivi, maana chuma kikipata moto kinarefuka na injini inatikisika. Mdomo wa nyuma utoke nje ya bodi kidogo, usiishie chini ya gari.

Kwa barabara zetu, pandisha kopo kadiri nafasi hiyo inavyokubali. Kama kopo bado linabaki chini kuliko ekseli, mwambie fundi achomelee kipande cha chuma bapa kilicholala kimshazari mbele yake, kwenye bomba, ili jiwe lipande juu ya chuma hicho badala ya kugonga kichwa cha kopo. Watengenezaji hawakufikiria kupita Ndosho wakati wa mvua.

Yote yakikaa, fundi apige pointi tatu kuzunguka kila ungio, basi. Kisha shusha kila kitu, akachomelee mduara mzima chini, akiona anachofanya. Kuchomelea bomba likiwa bado kwenye gari huacha upande wa juu wazi, na upande huo ndio utakaovuja.

Hata kwa zile pointi tatu, ondoa waya wa hasi kwenye betri kwanza. Umeme wa mashine ya kuchomelea unaweza kuua alteneta na kompyuta ya gari. Bano la waya wa ardhi wa mashine lishike kwenye bomba lenyewe, karibu na pointi. Kwa chuma cha milimita 1.5, elektrodi nyembamba ya milimita 2 au 2.5 na umeme mdogo vinatosha. Fundi anayepita na elektrodi nene anatoboa, halafu anajaza matundu. Ndoo ya maji au mchanga iwe karibu.

Kama umeme umekatika na jenereta hakuna, unaweza kumaliza bila moto: bomba fupi la kuvika juu ya maungio, dawa ya kuziba eshapema ndani yake, kolie mbili, moja kila upande. Linadumu vizuri kama mabomba yamelingana unene. Usibane kolie mpaka bomba libonyee, kwa sababu siku ya kulifungua halitatoka.

Kufunga na kujaribu

Gasketi ya zamani hairudi, hata ikionekana nzima. Safisha nyuso mbili za flanji, weka mpya, paka nyuzi za bolti grisi ya shaba kama ipo. Kaza kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule. Ungio lenye springi limetengenezwa licheze, kwa hiyo springi zisibanwe mpaka zilale kabisa. Mipira isibadilishwe kwa waya. Waya unapeleka mtikisiko wote kwenye bodi na kukata mahali pengine. Kipande kilichokatwa kwenye tairi kuukuu, chenye nyuzi ndani, kinaweza kushika kwa siku chache ukikosa mpira wa kweli.

Tafuta mahali pa chini kabisa pa kopo. Kama hakuna tundu la kutolea maji, toboa la milimita 3. Litalia kidogo sana na litatoa maji mengi.

Washa, paka maji ya sabuni kwenye maungio kabla hayajapata moto, uone kama yanatoa povu, kisha rudia jaribio la kitambaa. Harufu ya rangi na moshi kidogo juu ya kopo katika dakika za kwanza ni kawaida. Endesha taratibu kwenye mawe na dirisha wazi. Kitu kikigonga, simama uone kinapogusa. Gari likipoa kabisa, kaza bolti zote tena, na rudia baada ya wiki moja, maana gasketi mpya hujibana na bolti zikalegea.

Baada ya hapo, mara moja kwa wiki lipe gari safari ya nusu saa bila kuzima, hata kama ni kwenda Sake na kurudi, ili maji yatoke. Na kila unapobadilisha oili, ukiwa tayari uko chini, vuta kila mpira kwa mkono.